Grafini Haifyonzi, Hunasa

Orodha moja ya istilahi za kemia inazungushwa kwa wahariri. Humo, tendo la molekuli za gesi kushikwa kwenye uso wa kitu kigumu, ambalo wengine huliita adsopsheni, limepewa jina la "ufyonzaji wa juujuu". Jina hili ni baya, na nasema hivyo nikijua kwamba limepitishwa kikaoni na kamati ya watu wenye vyeo. Kwa Mswahili, jambo la juujuu ni jambo lisilofanywa kwa makini. Mwanafunzi ataelewa kwamba gesi imefyonzwa kizembe.

Hata hivyo, kosa kubwa limo katika neno la kwanza. Kupe hufyonza damu, udongo mkavu hufyonza maji ya mvua. Popote kitenzi hiki kinapotumika, kitu kilichokuwa nje huingia ndani. Sasa itazameni grafini, utando wa kaboni ambao Andre Geim na Konstantin Novoselov waliutenga Manchester mwaka 2004, wakapata kwao Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2010. Unene wake ni atomi moja. Kwa hesabu za nadharia, gramu moja ya grafini ina eneo la mita za mraba zipatazo 2,630, pande zote mbili zikihesabiwa. Kila atomi iko usoni; ndani hakuna. Kitu kisicho na ndani kitaifyonzea wapi gesi?

Najua kosa lilikotoka. Carl Wilhelm Scheele alishaona katika karne ya 18 kwamba mkaa hushika gesi, lakini tendo hilo lilikaa muda mrefu bila jina lake lenyewe. Mwaka 1881 mwanafizikia Mjerumani Heinrich Kayser alilipa jina, kwa pendekezo la Emil du Bois-Reymond. Hawakutafuta kitenzi kipya. Walichukua kile kile cha Kilatini, sorbere, chenye maana ya kunywa kwa kuvuta, wakabadili kiambishi cha mwanzo: ab- ikawa ad-, yaani "kuelekea". Ndiyo maana hadi leo lugha za Ulaya zinatenganisha matendo mawili yasiyofanana kwa herufi moja tu, na wanafunzi wao huyachanganya. Kamati yetu imeitafsiri kasoro hiyo kwa uaminifu mkubwa, wakati Kiswahili kilikuwa na neno tayari.

Neno hilo ni kunasa. Ndege akitua kwenye kijiti kilichopakwa ulimbo hunasa kwa miguu. Hazami ndani ya kijiti. Tena kunasa kuna mwenzake, kunasua, kama funga na fungua, ziba na zibua. Mwaka 2007 watafiti wa Manchester walitangaza kwamba kihisi cha grafini kimeweza kutambua molekuli moja moja ya dioksidi ya nitrojeni. Molekuli ikinasa huichukulia grafini elektroni, na upitishaji wa umeme hubadilika kwa hatua inayopimika. Baadaye walikipasha joto la nyuzi 150 katika ombwe, gesi ikaachia, kihisi kikarudi kama awali. Hatua hiyo ya pili kamati itaiitaje? Uondoaji wa ufyonzaji wa juujuu? Mimi naiita unasuaji, na hakuna fundi wala mvuvi atakayehitaji kufafanuliwa.

Wapo wanaopendelea "ugandaji". Damu huganda, maji huganda kuwa barafu. Neno hilo lina kazi zake na limechoka. Wengine wamenijibu, kwa ukali nisioustahili, kwamba kunasa kumeshachukuliwa na kinasa sauti. Hoja hiyo inaniunga mkono. Watu walipohitaji jina la chombo kinachoshika kitu kisichoonekana na kupita hewani, walikimbilia kitenzi hiki hiki bila kusubiri kikao.

Kimatumizi: kinachoshika ni kinasa, kinachoshikwa ni kinaswa. Kichujio cha gesi ya sumu kinataka unasaji imara, lakini kihisi kinataka ule unaonasulika upesi ili kipime tena. Monoksidi ya kaboni, ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, hunasa kwa udhaifu mno kwenye grafini tupu, ndiyo maana watafiti huitia grafini hiyo atomi za elementi nyingine.

Hoja hizi nimeziwasilisha kwa maandishi mahali panapohusika na sijapata jibu. Basi nawageukia wahariri, kwa kuwa kalamu ya mwisho ni yenu: vitabu bado havijachapishwa. Futeni "ufyonzaji wa juujuu", andikeni unasaji.