Siku ya Gulio Mpakani: Masoko ya Wazi ya Tunduma na Songwe

Muda mrefu kabla Tunduma haijawa mji wa malori, bidhaa iliyowatoa watu majumbani katika pembe hii ya kusini-magharibi mwa Tanzania ilikuwa chumvi. Chimbuko lake kubwa lilikuwa Ivuna, kwenye bonde la Ziwa Rukwa, leo ndani ya Wilaya ya Momba. Uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa chumvi ilipikwa hapo tangu karne ya 13 hivi. Kutoka bondeni ilipanda hadi Unyiha, kwenye nyanda za Mbozi, ambako wahunzi waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo na kufua majembe. Nguo za pamba zilizofumwa bondeni nazo ziliingia katika mabadilishano hayo. Aliyekosa chumvi alikuwa na jembe, na aliyekosa jembe alikuwa na nguo: msingi wa soko ulikuwepo, ingawa siku maalumu ya soko ilikuja baadaye.

Mpaka ulizikuta njia hizi zikitumika. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, zikitumia Barabara ya Stevenson kama kigezo. Barabara hiyo ilikuwa mradi wa Waingereza wa miaka ya 1880 wa kuunganisha maziwa hayo mawili. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilipita ikiweka alama za mpaka ardhini, na Wanyamwanga, wenyeji wa eneo hilo, wakabaki wamegawanywa, wengine katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, wengine katika ile iliyokuja kuitwa Rhodesia ya Kaskazini. Tunduma na Nakonde ya Zambia, miji inayotazamana leo, zimekua juu ya mgawanyiko huo. Kwa familia nyingi, kwenda sokoni na kwenda kwa shangazi kumekuwa safari moja, na yote mawili yanavuka mpaka wa nchi.

Gulio, yaani soko la wazi la siku moja kwa wiki, lilipata mwendo wake wakati wa ukoloni. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898 ilimlazimu mkulima kutafuta fedha taslimu, na wiki ya siku saba ya misheni na ya serikali ikampa kalenda ya kuzitafutia. Utaratibu wa vijiji jirani kupokezana siku umedumu hadi leo: mchuuzi hufunga turubai lake jioni na kulifungua penye gulio linalofuata.

Kilichoigeuza Tunduma kuwa mji wa biashara kubwa ni siasa za Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia, nchi isiyo na bahari iliyotegemea njia za kusini, ikalazimika kutafuta njia ya kaskazini. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, na mataruma yake yalifika Tunduma mwaka 1973. Reli iliwafaa wenye vikapu pia. Treni ya abiria ilibeba magunia ya mchele, mikungu ya ndizi na akina mama wenye watoto mgongoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 sabuni na sukari viliadimika nchini Tanzania, na mwaka 1983 serikali ikaendesha kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka uliofuata masharti ya kuingiza bidhaa yalilegezwa, na mitumba ikaanza kumiminika. Hapo ndipo gulio lilipopata sehemu inayowavuta watoto hadi leo: rundo la nguo juu ya turubai, ambapo mzazi huinama akichambua na kumpima mwanawe shati kwa kulibandika mgongoni.

Watoto wenyewe walibadilishiwa siku na shule. Azimio la Musoma la 1974 liliweka lengo la elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya kuwa ya lazima. Tangu hapo mwanafunzi hapaswi kuonekana sokoni Jumanne asubuhi. Gulio linaloangukia Jumamosi au Jumapili likawa ndilo la watoto, pamoja na yale ya likizo. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliongeza kuwa mtoto haruhusiwi kuajiriwa hata kazi nyepesi kabla ya miaka 14. Kumsaidia mama kupanga mafungu ya nyanya ni malezi; kumtuma mtoto azunguke na sinia la karanga kati ya malori siku nzima ni jambo jingine kabisa, na mpakani tofauti hiyo inahitaji kulindwa kwa dhati.

Mtoto anayefuatana na wazazi hujifunza vipimo kwa macho: fungu, kisado, debe, gunia. Hujifunza kusubiri nyongeza, ile nyanya moja au konzi ya maharage inayotupiwa juu baada ya bei kukubaliwa. Tunduma humwongezea somo la fedha mbili, shilingi na kwacha. Somo hilo lilizidi ugumu Januari 2013, Zambia ilipoondoa sifuri tatu katika kwacha, na bei za zamani na mpya zikawa zinatajwa pamoja.

Mwaka 2016 Songwe ikawa mkoa, ukimegwa kutoka Mbeya, na makao makuu yakawekwa Vwawa. Familia inayosafiri kwa barabara kuu hupita Mlowo, mji wa wafanyabiashara wa mahindi, na inaweza kuchepuka Ndolezi kuona Kimondo cha Mbozi, chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Oktoba 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa ili kupunguza foleni za malori. Mei 2020 Zambia iliufunga mpaka kwa siku chache kwa sababu ya korona, na wachuuzi wa pande zote mbili wakakatiwa wateja wao wa kila siku.