Filamu iliyoutangulia mlipuko

Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985, mlima wa volkano wa Nevado del Ruiz nchini Kolombia ulilipuka. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa. Kilichoua ni barafu ya kileleni: ilipoyeyushwa na joto ilichanganyika na majivu na mawe, ikawa tope zito lililoteremka mabondeni kwa zaidi ya saa mbili, hadi likaufukia mji wa Armero, zaidi ya kilomita 70 kutoka kasokoni. Watu zaidi ya 23,000 walikufa. Ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa, na Armero ilikuwamo. Vilima vya kukimbilia vilikuwa karibu. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, lakini rangi zilizopakwa kwenye karatasi hazikuweza kumwonyesha mkazi wa Armero sura ya tope lile wala mwendo wake.

Pengo hilo kati ya kujua na kuona ndilo lililobadilisha kazi ya Katia na Maurice Krafft, mke na mume kutoka Alsace, Ufaransa. Kwa miaka mingi walikuwa wakizunguka dunia kupiga picha milima inayolipuka. Mwaka 1988 walifika Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, wakapiga picha zaha yake nyeusi na nyepesi, yenye joto lisilofika nyuzi 600, karibu nusu ya joto la zaha nyingi za kwingineko. Picha zao zilipendwa kwa uzuri. Hata hivyo, baada ya Armero, Maurice alitengeneza filamu ya namna nyingine: ilieleza hatari moja baada ya nyingine, majivu, tope, mawimbi ya gesi yenye moto, na ikaonyesha bila kuficha kila moja inavyowadhuru watu na nyumba zao.

Thamani ya filamu hiyo ilipimwa mwaka 1991 nchini Ufilipino. Mlima Pinatubo ulikuwa umetulia kwa takriban miaka 500, hata wengi walioishi chini yake hawakujua kuwa ni volkano. Ulipoanza kutoa mvuke na kutetemeka, wataalamu walikuwa na vipimo, lakini walipaswa kuwashawishi viongozi na wananchi waache mashamba na makazi kwa sababu ya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Wakawaonyesha filamu ya Krafft. Makumi ya maelfu walihamishwa kabla ya mlipuko mkuu wa Juni 15, mmoja wa mikubwa kabisa katika karne ya 20. Mamia walikufa, wengi wao kwa kuangukiwa na mapaa yaliyoelemewa na majivu yaliyoloa mvua ya kimbunga. Lakini inakadiriwa kuwa watu wasiopungua 5,000 waliokolewa.

Yapo mapingamizi dhidi ya kuipa filamu sifa hiyo, nayo yanastahili kujibiwa. La kwanza ni kwamba vilivyookoa watu ni vipimo vya mitetemeko, si filamu. Ni kweli kwamba bila vipimo hakuna ambaye angejua siku ya kuondoka. Lakini Kolombia nayo ilikuwa na wataalamu na ramani. Kilichokosekana ni watu kuamini kwa wakati. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba filamu za maafa huwavuta watu kwenye kifo. Juni 3, 1991, siku 12 tu kabla ya Pinatubo kulipuka, Katia na Maurice waliuawa na wimbi la gesi na majivu katika Mlima Unzen, Japani. Watu 43 walikufa siku hiyo, wakiwamo waandishi wa habari, na pia wazima moto na madereva wa teksi ambao hawakufuata picha yoyote. Hasara hiyo haiwezi kupuuzwa, na hakuna picha inayostahili uhai wa dereva. Inachofundisha ni kwamba picha ichukuliwe kwa mipaka, na kwamba iliyokwisha kupatikana kwa gharama hiyo isiishie kuwa burudani.

Hapo ndipo hoja inapotugusa wasemaji wa Kiswahili. Ziwa la moto la Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, lilikwisha kuonyeshwa duniani katika filamu ya Haroun Tazieff ya mwaka 1966. Mlima huo ukamwaga zaha mwaka 1977, zaha yake ikaingia katikati ya mji wa Goma mwaka 2002, ukarudi kuua mwaka 2021. Watu wa huko wana neno mazuku kwa hewa yenye sumu inayotuama mabondeni na kuua bila harufu, na wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hilo kama lilivyo. Lugha yetu tayari inaitaja hatari. Basi filamu ya maafa ionyeshwe kwanza kwa wanaoishi chini ya mlima, kwa lugha yao, wakati mlima ungali kimya.