Kitabu cha Kilwa na Maktaba za Kale

Barabara ipitayo Temeke kuelekea kusini huitwa Barabara ya Kilwa. Maelfu ya watu huipita kila siku, na wengi wao asili yao ni Rufiji, Kilwa na Lindi. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa mji ulioipa barabara hii jina lake ulikuwa na kitabu cha tarehe yake. Kisa cha kitabu hicho chastahili kusimuliwa, kwa maana chatufunza maktaba ni kitu gani.

Katika dunia ya kale maktaba ilikuwa fahari ya wafalme. Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru katika karne ya 7 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alikusanya Ninawi maelfu ya vibao vya udongo vilivyoandikwa. Mji huo ulipotekwa mwaka 612 kabla ya Isa, moto ulioteketeza majumba uliviokesha vibao vingi vikawa vigumu, na maandishi yake yasomwa hata leo. Vitabu vya Iskandaria, vilivyoandikwa juu ya mafunjo, havikuwa na bahati hiyo. Hata Baghdad, mji wa wanazuoni, ulipovamiwa na Wamongoli mwaka 1258 ulipoteza hazina kubwa ya vitabu. Basi jumba, hata likiwa la fahari namna gani, si ngao ya kitabu. Udongo wastahimili moto, karatasi haistahimili. Ngao ya karatasi ni nakala.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu wake kwa masharifu na wageni. Hakutuachia habari ya jumba la vitabu. Mwaka 1505 Wareno waliuteka mji, wakaupora. Miaka michache baadaye mtu wa Kilwa aliandika kwa Kiarabu tarehe ya masultani wake, kana kwamba alitambua ya kuwa kinachoporwa leo kisipoandikwa, kesho kitakanushwa. Mwaka 1552 João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, alichapa habari za wafalme wa Kilwa alizozipata katika tarehe yao. Maandishi ya asili ya Kiarabu hayakuonekana tena. Kilichotufikia ni nakala iliyoandikwa Unguja mwaka 1877. Sultani Barghash alimpa John Kirk, mjumbe wa Uingereza, na leo nakala hiyo imo katika maktaba ya taifa ya Uingereza, London.

Mwenye kubisha atasema: Hiyo si maktaba, ni bahati tu. La, haikuwa bahati. Pwani yetu ina adui watatu wa karatasi: unyevu, chumvi na mchwa. Kitabu kilichoachwa sandukuni huliwa, kilichonakiliwa huishi. Siyu ilisifika kwa misahafu yake ya mkono, na Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, umetufikia kwa kalamu za wanakili. Vitabu vingine viliwekwa wakfu, visiuzwe wala kurithiwa, vipate kuwafaa wasomaji wote. Hayo yote ni kazi ya maktaba, ijapokuwa haikukaa chini ya dari moja.

Lakini desturi hiyo ilikuwa na udhaifu wake: yategemea mtu awezaye kusoma. Hati za Kilatini zilipotawala shuleni, warithi wengi wa masanduku hawakuweza tena kuzisoma karatasi za babu zao, na asiyeweza kusoma hanakili. Hapo mnyororo ulikatika. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen na wenziwe walikusanya hati nyingi kwa ajili ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Huko Lamu hati za Msikiti wa Riyadha zimepigwa picha. Ni kazi njema, walakini haiwezi kufika kila uvungu wa kitanda.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyezaliwa kando ya Barabara ya Kilwa ana wajibu ulio mwepesi kuutaja. Aulize nyumbani kama ziko karatasi za wazee. Zikiwapo, asizitupe, wala asizifungie kwa heshima mpaka zikaliwa. Ajifunze kuzisoma, kisha azinakili. Kitabu cha Kilwa kiliokolewa na mkono mmoja ulioona ya kuwa kunakili si kazi bure.