Terry Fox na magazeti ya Toronto

Tarehe 11 Julai mwaka 1980 watu wapatao elfu kumi walikusanyika katika uwanja wa Nathan Phillips, mbele ya jengo la halmashauri ya jiji la Toronto, wakimsubiri kijana wa miaka 21 aliyekuwa akikimbia kwa mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mwingine wa bandia. Jina lake lilikuwa Terry Fox. Alikuwa ameondoka St. John's, mashariki kabisa ya Kanada, tarehe 12 Aprili, na nia yake ilikuwa kuivuka nchi nzima mpaka bahari ya Pasifiki akichangisha fedha za utafiti wa saratani. Darryl Sittler, mmoja wa wachezaji mashuhuri wa hoki ya barafu wakati huo, alikimbia pamoja naye kuelekea uwanjani na kumkabidhi jezi yake ya mechi ya nyota wa mwaka ule. Kwa makadirio ya Chama cha Saratani cha Kanada, dola laki moja zilichangwa katika siku hiyo moja.

Toronto ilimfanya Terry Fox kuwa shujaa wa taifa. Lakini Toronto pia ni makao ya magazeti makubwa ya nchi hiyo, na ni humo alimotambua kwamba mtu anayetoa kwa ajili ya wengine huchunguzwa kwa namna ambayo mfanyabiashara wa kawaida hachunguzwi.

Fox alizaliwa Winnipeg tarehe 28 Julai 1958, akakulia Port Coquitlam, katika jimbo la British Columbia. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, mfupi wa kimo kwa mchezo huo, aliyepata nafasi katika timu ya vijana ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser kwa bidii zaidi kuliko kipaji. Mwezi Machi 1977 alibainika kuwa na saratani ya mifupa, na mguu wake wa kulia ukakatwa juu ya goti. Baada ya hapo alipata matibabu ya dawa kwa muda wa miezi 16, akaingia katika timu ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu kwa mwaliko wa Rick Hansen, kisha akaanza kujifunza upya kukimbia. Agosti 1979 alishiriki mbio za masafa marefu mjini Prince George na kumaliza wa mwisho. Wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki watamkumbuka hapa John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyeingia uwanjani Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, goti limefungwa bandeji, na ambaye jina lake limedumu kuliko majina ya wengi waliomtangulia siku ile.

Tarehe 15 Oktoba 1979 Fox alikiandikia Chama cha Saratani barua ya kuomba kiunge mkono safari yake. Barua hiyo ni muhimu kwa habari hii, kwa sababu ndani yake alieleza sababu ya kukimbia. Alieleza yale aliyoyaona katika kituo cha matibabu: wagonjwa wenzake, baadhi yao vijana wadogo, waliokuwa wakiteseka na kufa, na namna alivyoshindwa kuondoka pale na kuwasahau. Chama hicho hakikushawishika haraka. Kilimtaka kwanza atafute wadhamini wake mwenyewe na alete cheti cha daktari.

Basi akaandika barua nyingine, safari hii kwa makampuni. Ford ilitoa gari lenye nafasi ya kulala na kupikia. Imperial Oil ilitoa mafuta. Adidas ilitoa viatu. Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo lote. Fox alipokea vitu alivyovihitaji barabarani, lakini kampuni yoyote iliyomtaka anadi bidhaa zake aliikatalia, na mchango wowote uliofungamana na masharti aliurudisha. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtu yeyote asitajirike kutokana na mbio zile, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Alikuwa mwanafunzi asiye na kipato, na mbele yake palikuwa na makampuni yaliyokuwa tayari kulipa.

Afrika Mashariki imezoea matembezi ya hisani ambamo fulana za washiriki hubeba nembo za benki, kampuni ya simu na kiwanda cha soda, na mgeni rasmi hupigwa picha akiwa ameshika hundi kubwa ya karatasi. Hakuna dhambi katika hilo, na hospitali nyingi zimepata vitanda kwa njia hiyo. Lakini mwenye kuiona fulana ile hawezi kujua ni kiasi gani cha mbio ni hisani na ni kiasi gani ni tangazo. Fox alitaka swali hilo lisiwepo kabisa.

Miezi ya kwanza haikuwa na shangwe. Katika majimbo ya mashariki kuna miji iliyompokea kwa moyo na mingine ambayo haikuwa na habari kwamba anakuja. Mkoani Quebec, ambako yeye na wenzake hawakujua vizuri Kifaransa, michango ilikuwa midogo mno hata akakata tamaa. Ndani ya gari mlikuwa na yeye na rafiki yake Doug Alward, na tangu mwishoni mwa Mei mdogo wake Darrell, kijana wa miaka 17. Vijana wachovu, waliofungiwa katika gari dogo, mmoja wao akikimbia takriban kilometa 42 kwa siku huku kisiki cha mguu wake kikitoa damu. Waligombana. Fox na Alward walifikia hatua ya kutosemezana, wazazi wakalazimika kusafiri hadi Nova Scotia kuwapatanisha. Hayo ni kweli na familia haikuwahi kuyaficha.

Aliyemtia moyo wakati wa ukame ule alikuwa Isadore Sharp, mwenye hoteli za Four Seasons, kampuni ya Toronto. Sharp alikuwa amempoteza mwanawe kwa saratani muda mfupi kabla. Alitoa vyumba na chakula katika hoteli zake zilizokuwa njiani, akaahidi dola mbili kwa kila maili, na kuyahimiza makampuni mengine karibu elfu moja yafanye hivyo hivyo. Ni wazi kwamba jina la hoteli lilisikika kutokana na wema huo. Hata hivyo Fox hakutakiwa kusimama popote na kuzisifu hoteli hizo, na hapo ndipo alipouweka mpaka wake.

Toronto Star lilikuwa limemtuma mwandishi Leslie Scrivener kumfuatilia, na taarifa zake ndizo zilizowafanya wasomaji wengi wa Ontario wamjue kijana huyu kabla hajafika. Scrivener baadaye aliandika kitabu cha maisha yake. Bila kazi ya aina hiyo umati wa Nathan Phillips usingekuwepo, na fedha zisingekuwepo. Lakini umaarufu nao una kodi yake. Chama cha Saratani kilimwongezea hafla na hotuba, naye alikubali kila mwaliko alioamini utaleta michango, hata ukimtoa nje ya njia. Kisha gazeti hilo hilo la Star likaandika kwamba alikuwa ametoka na msichana. Fox alichukizwa. Kwake yeye mambo hayo hayakuhusiana na saratani.

Kikubwa zaidi kilitoka katika gazeti la Globe and Mail. Makala yake ilikuza mvutano kati yake na Darrell, na ikadai kwamba alikuwa akikimbia kwa sababu ya kinyongo dhidi ya daktari ambaye hakuutambua ugonjwa wake mapema. Fox aliyaita madai hayo takataka, na tangu hapo hakujua ni mwandishi yupi wa kumwamini.

Katika makala ile kuna mambo mawili ambayo yanafaa kutenganishwa. Mvutano ndani ya gari ulikuwepo, na gazeti halina wajibu wa kumwonyesha mtu kama malaika. Msomaji aliyeombwa fedha ana haki ya kujua kwamba anayemwomba ana hasira za karibu, kama binadamu wengine. Lakini kuhusu kilichomsukuma kukimbia, ushahidi ulikuwepo tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia, kwa maandishi yake mwenyewe, na ulihusu wagonjwa wenzake. Kuuweka kando na kuchukua kisa cha kinyongo ni kuchagua hadithi inayouzika.

Linaloshangaza zaidi ni kile ambacho hakikupewa uzito. Malaki ya dola yalikuwa yakikusanywa barabarani, mengine katika mifuko na makopo, kwa jina la mtu mmoja. Nani aliyahesabu? Yalikwenda wapi? Makampuni yaliyotoa gari na mafuta yalipata nini? Hayo ndiyo maswali ya uandishi wa habari kuhusu hisani, na kwa sharti lake Fox alikuwa ameyaandalia jibu. Badala yake alihojiwa kuhusu msichana, kaka na daktari.

Aliendelea kukimbia. Siku alipotimiza miaka 22 alikuwa mjini Gravenhurst, kaskazini ya Toronto, na alikataa kupumzika. Tarehe 1 Septemba 1980, karibu na Thunder Bay, kikohozi na maumivu ya kifua vilimsimamisha. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekimbia kilometa 5,373 kwa siku 143.

Sauti ya vyombo vya habari ilibadilika mara moja. Televisheni ya CTV iliandaa kipindi cha saa tano kilichokusanya dola milioni 10.5. Kabla ya kifo chake, michango ilikuwa imepita dola milioni 23, karibu dola moja kwa kila raia wa Kanada, lengo ambalo wakati anaondoka St. John's lingechekesha. Mwaka huo wa 1980 alitunukiwa tuzo ya Lou Marsh ya mwanariadha bora wa Kanada, tuzo iliyopewa jina la mhariri wa michezo wa Toronto Star na kutolewa na gazeti hilo. Alifariki dunia tarehe 28 Juni 1981.

Lililobaki sasa lilikuwa sharti lake. Sharp alikuwa amependekeza mbio za kila mwaka za kumkumbuka, na tarehe 13 Septemba 1981 watu zaidi ya laki tatu walishiriki, wakachanga dola milioni 3.5. Mbio hizo hazikuwa na mshindi wala zawadi, wala nembo za wadhamini vifuani. Mama yake, Betty Fox, ndiye aliyesimama mlangoni. Kwa miaka mingi, hadi kifo chake Juni 2011, aliyakatalia makampuni yaliyotaka kulitumia jina la mwanawe. Wapo waliomwona mkaidi, kwa hoja kwamba fedha za kampuni zingeweza kutibu watu vilevile. Hoja hiyo si nyepesi. Lakini Wakfu wa Terry Fox, uliojitegemea mwaka 1988, umekusanya zaidi ya dola milioni 850 bila kuukubali udhamini wa aina hiyo, na mbio zake zimefanyika hadi Abu Dhabi na Dubai.

Mpaka huo umewahi kusogezwa kidogo. Mwaka 2005, miaka 25 baada ya safari, Adidas ilitengeneza upya viatu vya Orion alivyovaa Fox na kuviuza, mapato yakaenda kwa Wakfu. Aliyekuwa akiuongoza Wakfu katika ngazi ya taifa wakati huo alikuwa Darrell Fox, yule mdogo wake aliyekuwa ndani ya gari, ambaye ugomvi wake na kaka yake Globe and Mail liliwahi kuuanika.