Sura Zimebaki, Majina Yamekwenda Wapi?

Kamera ilifika pwani ya Afrika Mashariki mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Daguerre alitangaza uvumbuzi wake mjini Paris mwaka 1839. Haikupita miaka kumi, nahodha Mfaransa Charles Guillain akawa anazunguka bandari zetu, kati ya 1846 na 1848, na chombo hicho kipya kimo melini mwake. Watu wa Unguja na wa miji ya Benadiri wakakalishwa mbele yake, wakaambiwa watulie. Kila picha ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, halina negativu wala nakala. Aliyepigwa hakubaki na kitu. Mabamba yalikwenda Ufaransa, na michoro iliyotokana nayo ikachapishwa pamoja na habari za safari hiyo.

Tangu siku hizo picha za wazee wetu zimegawanyika mafungu mawili, na mgawanyo huo haujaisha. Lipo fungu la picha walizopigwa na wengine kwa shughuli za wengine. Hizo zimetunzwa vizuri ng'ambo, ndani ya masanduku yasiyo na asidi, lakini nyingi hazina majina. Fungu la pili ni la picha walizozilipia wenyewe kwa fedha zao. Hizo majina yake tunayo, vinywani mwa bibi na babu, ila karatasi zenyewe zinaliwa na ukungu kabatini.

Walioanza kulipia walikuwa wenye uwezo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Huko Hamburg aliingia studio akiwa amevaa nguo za kwao, na picha hiyo ndiyo inayoonekana hadi leo kila kinapotajwa kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1886. Kaka yake, Sultani Seyyid Barghash, alipozuru London mwaka 1875 naye alipigwa picha. Kwa watawala, picha ilikuwa tunu ya kumpa mgeni.

Kwa watu wa kawaida mlango ulifunguliwa na Wagoa. Majina ya A. C. Gomes, ndugu Coutinho na Pereira de Lord yamechapishwa kwenye kadi ngumu zilizobandikwa picha za Unguja za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ukiipata kadi moja ya namna hiyo, ishike kwa kingo uitazame. Karatasi ya picha ni nyembamba kama ganda la kitunguu, imepakwa ute wa yai uliochanganywa na chumvi ya fedha, kisha ikagundishwa juu ya kadi kwa sababu peke yake ingejikunja. Rangi yake ni ya kahawia, na mahali palipokuwa peupe pamekuwa manjano. Nyuma pana jina la studio kwa herufi za madoido. Jina la mpiga picha lipo, la mpigwaji mara nyingi halipo. Familia haikuwa na haja ya kuliandika, maana kila aliyeingia barazani alimjua.

Studio hizo zilikuwa na biashara mbili, na hapa ndipo wanaokusanya picha za zamani wanapokosea sana. Asubuhi angeingia mfanyabiashara na wanawe, wakae, walipe, waondoke na kadi zao. Lakini studio hiyo hiyo iliuza pia postikadi kwa mabaharia na wasafiri: msichana mwenye vipuli, mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi wa bandarini. Chini ya postikadi hapaandikwi jina la mtu, panaandikwa kabila au kazi. Tukumbuke kwamba hali ya kisheria ya utumwa Unguja ilifutwa mwaka 1897. Miongoni mwa waliokalishwa kwa ajili ya kadi hizo wamo ambao hawakuwa na nafasi ya kusema hapana. Leo picha za aina zote mbili zinauzwa bei moja kwenye minada ya mtandaoni, nazo zinasambazwa kwenye simu zetu kwa maelezo yaleyale: "Unguja ya kale". Mimi siwezi kuziweka albamu moja.

Bara, kamera ilifuata dola. Wamisionari waliwapiga picha wanafunzi wao, maofisa wakapiga picha za mabaraza na madaraja. Huko Dar es Salaam Walther Dobbertin alipiga picha za koloni la Wajerumani, na nyingi zimo katika hifadhi ya taifa la Ujerumani, iliyozitoa hadharani Desemba 2008, takriban miaka mia moja baadaye, kupitia Wikimedia Commons. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ndogo ya Brownie kwa dola moja, na kupiga picha kukaacha kuwa kazi ya mafundi peke yao.

Hata hivyo kwetu studio ndiyo iliyotawala, na enzi yake tamu ni ile ya kati ya miaka ya 1930 na 1980. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, akapiga kasri na akapiga mtaa, na mwanawe akaiendeleza kazi. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, palikuwa na studio ya Parekh. Pazia lilikuwa nyuma, taa zimepangwa, na meza ndogo yenye redio au simu ambayo haikuunganishwa popote. Vijana walikuja na pozi walilolitoa sinema, la Bombay au la Hollywood. Mashoga wawili walivaa sare, nguo ya kitambaa kimoja, wakasimama bega kwa bega. Mwanamke aliyeingia na buibui aliweza kulivua mle ndani, akapigwa na shingo yake wazi na mkufu wake, kisha akalivaa tena na kutoka. Lamu, katika miaka ya 1960, Omar Said Bakor alikwenda mbali zaidi: alikata na kuunganisha picha, sura ya mtu akaiondoa mahali pake na kuipachika ndani ya picha nyingine. Na hayo aliyafanya kwa mkasi na chumba cha giza, kabla kompyuta haijajulikana Lamu.

Picha hizo zilisafiri. Moja ilipelekwa kwa mchumba, nyingine kwa kaka aliyeko Muscat au Cardiff, na mara nyingi nyuma yake paliandikwa maneno mawili matatu ya kumbukumbu, tarehe na mji. Mistari hiyo ya wino ina thamani kuliko upande wa mbele. Mtu anayefuatilia ukoo wake angependa kuona uso wa bibi mzaa bibi, ni kweli, lakini tarehe na jina la mji ndivyo vitakavyomwambia bibi huyo alikuwa wapi na lini.

Kisha yakaja maondoko. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964, familia nyingi zilivuka bahari, nyingine zikaishia Oman na nchi za Ghuba, nyingine Uingereza. Aliyeondoka usiku hakuchukua albamu. Uganda, mwaka 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90. Katika mzigo mdogo walioruhusiwa, picha zilishindana na nguo za watoto. Ndiyo maana leo picha ya harusi iliyopigwa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, inaweza kuwa na nakala moja tu duniani, nayo iko droo ya mtu Muscat asiyejua kwamba binamu yake wa Mombasa anaitafuta. Kwingine picha zimebaki na wenyewe hawapo: huko Kigali, katika jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari la Gisozi lililofunguliwa mwaka 2004, kuna chumba chenye picha za familia zilizotundikwa safu kwa safu. Ni picha za ubatizo, za harusi, za kitambulisho, zilizoletwa na jamaa waliosalia. Hazikupigwa kwa ajili ya jumba hilo. Zilipigwa siku ya furaha, au siku ya kutafuta kazi.

Picha ya kitambulisho nayo ina mkasa wake. Mpiga picha Martina Bacigalupo aliikuta Gulu, kaskazini mwa Uganda, studio iliyokuwa na mabaki ya ajabu: picha kamili za watu waliokaa vizuri kitini, mikono magotini, suti ya kuazima, na mahali pa uso pana tundu la mraba. Mashine ya kutoa picha za pasipoti ilitoa nne kwa mpigo, wateja wengi walihitaji moja. Basi fundi aliwapiga picha moja kubwa, akakata uso, akampa mteja. Mwili ukatupwa kwenye takataka. Kitabu cha mabaki hayo kilitoka mwaka 2013.

Mabaki hayo yaliokotwa kwa bahati. Na picha za Priya Ramrakha, mpiga picha wa Kenya aliyeuawa Biafra mwaka 1968, zilikutwa na jamaa yake miaka mingi baadaye zikiwa ndani ya maboksi katika gereji ya familia, Nairobi. Gereji! Kazi ya mmoja wa wapiga picha wakubwa wa bara hili ilisubiri humo.

Sasa niseme juu ya adui. Wengi hulaumu nondo na mende, na kweli wanakula, kwa kuwa tabaka la picha lina jelatini, ambayo kwao ni chakula. Lakini muuaji wa pwani ni unyevu. Hewa ya Tanga au Malindi inatosha kuotesha ukungu, na picha iliyogusana na kioo cha fremu hugandamana nacho hadi isiweze kutolewa. Negativu za plastiki ya asetati zikianza kuoza hutoa harufu kali ya siki. Ukiisikia ndani ya boksi, ujue huna muda. Na picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980, zile tulizojivunia kwamba ni za kisasa, zinapauka na kuelekea wekundu. Picha nyeusi na nyeupe ya mwaka 1950, iliyosafishwa na fundi mwangalifu, inaishinda kwa mbali ile ya rangi ya mwaka 1985. Albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, zilizojaa sebuleni enzi hizo, zimeharibu picha nyingi kuliko mafuriko. Usizibandue kwa nguvu: piga picha ukurasa mzima kwanza, kama ulivyo.

Simu imeleta nafuu na balaa. Nafuu ni kwamba binamu wa Muscat na wa Mombasa wanaweza kukutana kwenye kundi moja la ukoo, na jina lililopotea likarudi kwa dakika tano shangazi mmoja anapotuma sauti: huyo si Bi Mkubwa, huyo ni mdogo wake. Balaa ni kwamba sauti hiyo huweza kufutwa baada ya wiki, na WhatsApp huibana picha ikapoteza undani isipotumwa kama faili. Wapo pia wanaotumia programu za kutia rangi. Kanga ya mwaka 1920 inatoka na rangi iliyokisiwa na mashine, na baada ya miaka michache wajukuu wataapa kwamba bibi alivaa kanga ya buluu.

Kuna jambo zito zaidi. Yule mwanamke aliyevua buibui studio aliipa picha yake watu wachache aliowachagua. Hadi leo katika kesha za harusi za wanawake, pwani, simu hukatazwa mlangoni, na mpiga picha huwa mwanamke. Mjukuu anayechukua picha ya bibi yake wa miaka ya 1950 na kuibandika hadharani kwa watu elfu kumi amevunja sharti ambalo marehemu hawezi tena kulitetea. Kuhifadhi na kusambaza ni kazi mbili tofauti. Kila picha ihifadhiwe. Si kila picha isambazwe. Aliye hai aulizwe, na wa marehemu waulizwe wanawe.

Kwa upande mwingine, zile hifadhi za ng'ambo zimefunguka. Mkusanyo wa Winterton katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, una picha za Afrika Mashariki zaidi ya 7,000 za kati ya 1860 na 1960, na hazina ya Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani iliyoko Frankfurt ina maelfu kwa maelfu, zote zikitazamwa kwa intaneti. Humo wamo watu wa Bagamoyo, wa Pangani, wa Tabora. Wanaoweza kuwataja hawako Frankfurt.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kununua skana, nunua kalamu ya risasi iliyo laini. Mwendee mzee wa ukoo wako mwenye kumbukumbu kuliko wote, wiki hii, usingoje Idi wala Krismasi. Mpe picha moja moja. Andika nyuma, pembeni, kwa mkono mwepesi: nani, mtoto wa nani, wapi, mwaka gani, na nani aliyekueleza. Peni ya wino usiitumie, inapenya hadi mbele. Ukimaliza, piga picha pande zote mbili, mbele na nyuma, uweke nakala nyumba mbili tofauti. Zile za masanduku ya Ulaya tutazidai baadaye; hizi za kabatini mwako hakuna mwingine atakayezisomea majina.