Msimulizi Asiyependeka: Drusilla Clack katika The Moonstone

Riwaya ya upelelezi aghalabu husifiwa kwa kasi ya msuko wake. The Moonstone ya Wilkie Collins haikuandikwa kwa kipimo hicho. Ilitolewa kwa mfululizo kati ya Januari na Agosti 1868 katika All the Year Round, jarida la kila wiki lililohaririwa na Charles Dickens. Msomaji wa awali, basi, aliipokea kwa vipande 32, na taharuki ilijengeka katika kusubiri zaidi kuliko katika wingi wa matukio.

Kusubiri huko huwa kuzito usimulizi unapomfikia Drusilla Clack. Kabla yake husimulia Gabriel Betteredge, mtumishi mkongwe ambaye ucheshi wake humstahimilisha msomaji katika masimulizi marefu. Clack hana mvuto huo. Ni mshika dini wa kujionyesha. Husikiliza siri za watu akiwa nyuma ya pazia, na huficha vijitabu vya mahubiri nyumbani kwa Lady Verinder, jamaa yake aliye mgonjwa mahututi.

Ni rahisi kumwona kama kikaragosi cha kejeli tu. Mtazamo huo hautoshi. Clack ni fukara, na huandika kwa kuwa Franklin Blake, jamaa mwenye mali, amemlipa. Isitoshe, ana mazoea ya tangu utotoni ya kuweka shajara, hivyo tarehe zake ni makini. Hukumu zake hazifai kutegemewa, lakini kumbukumbu zake zinafaa.

Umuhimu wa tofauti hiyo hudhihirika kwa Godfrey Ablewhite, ambaye Clack humtukuza kama mtakatifu. Ni Clack anayeeleza jinsi Godfrey na Luker, mkopeshaji fedha, walivyoshambuliwa siku moja, na jinsi Godfrey alivyokubali upesi uchumba wake na Rachel uvunjwe. Yeye huona wema katika mambo hayo. Mwishoni hubainika kwamba Godfrey ndiye aliyeihodhi almasi. Dalili zilikuwa wazi, ila zimefunikwa kwa sifa za mtu anayechosha.

Kwa hiyo, msomaji anayeziruka kurasa za Clack kwa kumchukia huukosa ushahidi uliomo. Collins anamdai msomaji uadilifu wa hakimu: kumsikiliza shahidi asiyempenda, polepole, hadi neno lake la mwisho.