Akili Unde: Nani Kaiunda?

Uwezo wa kompyuta kutambua sura, kutafsiri au kuandika barua una majina matatu katika Kiswahili: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Akili mnemba husikika pia katika taarifa za Serikali ya Tanzania. Mimi nachagua unde.

Bandia kwa mnunuzi wa soko la Tabora ni dawa bandia, mbegu bandia, noti bandia: vitu vya kulaghai. Jina hilo halifai kwa programu kama Nuru, ambayo mkulima huielekezea jani la muhogo kwa kamera ya simu, hata pasipo intaneti, ikamwambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia. Maelfu ya picha za majani zilipigwa katika mashamba ya Tanzania, wataalamu wakautaja ugonjwa wa kila jani, ndipo programu ikajifunza. Ikikosea, kosa litafutwe katika hayo iliyofundishwa.

Unde limetoka katika kuunda, na chochote kilichoundwa kina waundaji. Hapo Tabora ina la kusema. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, sifa ziliandikwa kwa majina yao, lakini pembe, vitambaa na shanga za njia ya Bagamoyo hadi Ujiji zilikuwa mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Susi na Chuma tunawajua kwa kuwa waliongoza safari ya kuurudisha pwani mwili wa mmisionari Livingstone. Wenzao wengi walisahauliwa, ingawa ndio waliosaidia kukieneza bara Kiswahili hiki ambacho kompyuta zinafundishwa leo.

Mzigo wa sasa ni data. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Hilo ni dhuluma, na jina zuri haliifuti.

Sheria zimeanza kufuata. Mwaka 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili unde ilipata nguvu ya kisheria, na Umoja wa Afrika ukapitisha mkakati wake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayogusa hata maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Msomaji, ukinyimwa mkopo na programu ya simu, uliza nani kaiunda na kwa taarifa zipi, kisha dai binadamu aliangalie ombi lako upya.